Mkate wa Jibini, na Mchuzi Wake?

Ijumaa moja jioni nilipanda daladala la Mbagala nikiwa nimepakata mkate wa jibini. Ulikuwa umetoka tanurini muda si mrefu, karatasi yake imelowa mafuta kidogo upande wa chini, na harufu yake ilimfikia hata konda aliyesimama mlangoni. Mama mmoja wa makamo aliyeketi jirani yangu alivumilia vituo viwili, cha tatu akashindwa.

"Mwanangu, umebeba nini humo?"

"Shikamoo mama. Ni mkate wa jibini."

"Marahaba. Na mchuzi wake?"

Nilikosa jibu. Kwa miaka kadhaa nilikuwa nakula mkate ule kwa namna moja tu: nafika nyumbani, naukata kabla hata sijavua viatu, naupaka siagi, naushushia chai ya maziwa yenye sukari ya kutosha, na kufikia kipande cha tatu nimekinai. Kesho yake uliobaki umekuwa mgumu kama kifuu. Keshokutwa unakwenda kwa kuku wa jirani. Muda wote huo nilikuwa naulaumu mkate.

Swali la yule mama lilinifanya niutazame upya. Mkate wa jibini unakuja na chumvi yake na mafuta yake, yaani vile vitu viwili ambavyo mikono yetu huvikimbilia kwanza jikoni. Kuuongezea siagi ni kumvisha koti mtu anayetokwa jasho. Unachokosa ni vitu vitatu: moto wa kuuamsha, uchachu wa kukata mafuta yake, na majimaji ya kuuteremsha kooni. Ukivipata hivyo, mkate mmoja wa dukani unawatosha watu wanne kwa chakula cha jioni, na mpishi hakeshi jikoni.

Kununua si uvivu

Wapo watakaokuambia kwamba mpishi wa kweli hukanda unga wake mwenyewe. Waache wakande. Huko Brazili, katika jimbo la Minas Gerais, kuna vimkate vya duara vya jibini viitwavyo pão de queijo, ambavyo havina ngano hata chembe: vinatengenezwa kwa wanga wa muhogo, mayai, maziwa, mafuta na jibini. Ni fahari ya jimbo zima. Hata hivyo, nyumba nyingi za Brazili hununua vilivyokwisha kuviringwa na kugandishwa, zikavitia kwenye oveni asubuhi na kuvila na kahawa. Hakuna anayewaita wavivu. Kinachohesabiwa ni kwamba vinaliwa vya moto, na pembeni kuna kitu kichungu.

Kwa hiyo nunua bila haya. Ila nunua macho yakiwa wazi.

Soma karatasi kabla ya kulipa

Niliwahi kununua mkate wa manjano ya kuvutia, jina la jibini limeandikwa juu kwa herufi kubwa. Nilipofika nyumbani nikasoma maandishi madogo ya nyuma. Unga, sukari, mafuta ya mimea, rangi, ladha ya jibini. Jibini yenyewe haikuwemo. Duka silitaji, kwa kuwa kosa lilikuwa langu pia: miwani ilikuwa mfukoni.

Kwenye orodha ya viambato, kilichotiwa kwa wingi zaidi hutajwa kwanza, kisha vinafuata vingine kwa kupungua. Ukiona jibini imetajwa katikati ya orodha, hapo kuna mkate wa jibini. Ukiikuta mkiani, baada ya chumvi na hamira, unalipia jina. Ukikuta maneno "ladha ya jibini" peke yake, huo ni mkate wa kawaida uliovaa manukato. Unafaa kwa chai, lakini usiutarajie kuyeyuka.

Tazama na mfuko. Matone ya maji kwa ndani yanaonyesha kwamba mkate ulifungwa ungali moto, na kwa joto la pwani utaota ukungu mapema. Ubonyeze taratibu kwa kidole: mkate mpya unarudi juu, wa juzi unabaki na shimo. Na kama duka linaoka lenyewe, muulize mhudumu tanuri hufunguliwa saa ngapi. Swali hilo moja lina faida kuliko kubonyeza mikate kumi.

Halafu jua jibini imekaa wapi. Ikiwa imechanganywa ndani ya unga, mkate unakatika vizuri na unafaa kwa supu na kwa mapishi ya mabaki. Ikiwa imenyunyizwa juu na kuungua kidogo, utamu wote uko kwenye ganda, kwa hiyo usilifunike kwa mchuzi; chovya upande wa chini. Ikiwa ni jibini laini iliyofichwa katikati, ule siku hiyo hiyo, kwa maana jibini laini haipatani na joto la Dar es Salaam.

Friji inauzeesha

Hapa wengi tunateleza. Mkate ukianza kukauka tunaukimbiza kwenye friji tukidhani tumeuokoa, kumbe tumeuharakishia uzee. Mkate haugeuki mgumu kwa sababu ya kupoteza maji pekee. Wanga uliolainika wakati wa kuokwa hujipanga upya kidogo kidogo na kukakamaa, na kazi hiyo hufanyika haraka zaidi kwenye ubaridi wa friji, karibu na nyuzi 4, kuliko juu ya meza. Kwenye friza, nyuzi 18 chini ya sifuri, inakaribia kusimama kabisa.

Utaratibu wangu ni huu. Mkate wa jibini wa kuchanganywa unakaa mezani siku ya kwanza na ya pili, umefungwa kwa kitambaa safi ndani ya chombo chenye mfuniko. Ule ambao najua hautaliwa kufikia hapo, naukata vipande siku ile ile ya kuununua, ungali mpya, naufunga viwili viwili na kuutia kwenye friza. Usisubiri ukauke ndipo uugandishe, maana friza huhifadhi ulichokitia, haitengenezi kilichoharibika. Ukiona ukungu, hata nukta moja, tupa. Kwenye mkate laini ukungu husambaza nyuzi ndani zaidi ya pale jicho linapoona, na kukwangua hakusaidii.

Moto: sufuria ni oveni ya kutosha

Mkate uliokakamaa hulainika tena ukipashwa moto. Joto likipita nyuzi 60 hivi, ule wanga uliojipanga unaachia, na jibini nayo inaanza kulegea. Lakini nafuu hii ni ya muda. Mkate uliopashwa ukipoa, unarudi kuwa mgumu zaidi ya mwanzo. Basi pasha kiasi kitakacholiwa, na upashe mara moja tu.

Huna oveni? Bibi zetu walioka kwa kupalia makaa juu ya mfuniko, na akili ile ile inafanya kazi kwenye jiko la gesi. Chukua sufuria nzito, iweke kwenye moto mdogo ikiwa tupu na imefunikwa, kwa dakika tano. Tia ndani kitu cha kuinulia, kama kigoda kidogo cha chuma au kopo fupi la bati lililotobolewa, juu yake sahani ya bati. Nyunyizia mkate maji kwa vidole, kama unavyonyunyizia nguo kabla ya kuipiga pasi, uweke juu ya sahani, ufunike. Baada ya dakika nane hadi kumi ganda limekauka, ndani pamelainika, na harufu imeshawaita watoto bila wewe kupaza sauti. Mwenye oveni aweke nyuzi 180 kwa muda kama huo.

Kwa vipande vilivyokatwa tumia kikaango kikavu, moto mdogo. Funika dakika mbili, funua, geuza, acha dakika moja. Usiongeze mafuta: jibini itatoa yake, na ndiyo itakayokaanga mkate. Moto mkali ni adui. Jibini ikiunguzwa hujikaza na kuwa kama mpira, huku mafuta yake yakichuruzika pembeni. Maikrowevu nayo haikatazwi, ila isizidi sekunde 20, kipande kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa chenye unyevu, na kiliwe hapo hapo, kwa kuwa dakika tano baadaye utatafuna mpaka mataya yaume.

Uchachu: ndimu kabla ya chumvi

Ladha ya jibini ni nzito na hukaa mdomoni. Ndiyo sababu kipande cha kwanza ni kitamu na cha tatu kinachosha. Kitu kichachu kinausafisha mdomo, na kila tonge linakuwa kama la kwanza.

Kachumbari ndiyo ya kwanza, na hapa nina sharti: usitie chumvi. Kata nyanya, kitunguu kilichooshwa, tango na pilipili mbuzi, kamulia ndimu nzima, koroga, onja pamoja na mkate. Utaona chumvi ya jibini inatosha kwa wote wawili. Embe bichi lililokwanguliwa linafanya kazi hiyo hiyo vizuri kabisa msimu wake ukifika. Achari ya ndimu au ya embe inafaa pia, lakini kijiko kimoja tu, kwani achari nayo ina chumvi yake.

Asubuhi, mayai ya kuvuruga yenye nyanya nyingi na pilipili hoho yanakaa vizuri juu ya kipande kilichopashwa. Vuruga kwa mafuta kidogo sana, bila chumvi, na uyatoe jikoni yangali na unyevu. Watoto wa shule nao wafungie mkate wa jibini pamoja na vipande vya tango na karoti badala ya soseji. Chumvi juu ya chumvi itawamalizia maji ya chupa kabla ya kengele ya saa nne.

Majimaji: mchuzi wenyewe

Sasa tumjibu yule mama. Mchuzi wa mkate wa jibini uwe mwepesi, uwe na uchachu, na usiwe na nazi. Nimejaribu maharage ya nazi mara mbili, kwa sababu nayapenda, na mara zote mbili nilishindwa kumaliza sahani. Nazi na jibini ni mafahali wawili. Zizi moja haliwatoshi. Maharage yenyewe hayana kosa. Yaunge kwa nyanya, kitunguu na tangawizi, umalizie kwa ndimu, yatakubali.

Wa kwanza kwenye orodha yangu ni mchuzi wa adesi na ukwaju. Adesi nyekundu zilizopasuliwa, ambazo Wakenya huziita kamande, hazihitaji kulowekwa, na zinaiva kwa dakika 20 hivi. Osha kikombe kimoja mpaka maji yawe meupe, chemsha na vikombe vinne vya maji pamoja na nusu kijiko cha chai cha manjano. Pembeni kaanga kitunguu kimoja kwa kijiko kimoja cha mafuta hadi kiwe na rangi ya kahawia, tia vitunguu saumu punje tatu na bizari nzima nusu kijiko cha chai. Zikianza kuruka na kunukia, tia nyanya mbili zilizokwanguliwa. Nyanya zikikauka, mimina vyote kwenye adesi. Mwisho kabisa, tia maji ya ukwaju vijiko vitatu vya chakula. Onja ukiwa umeshika kipande cha mkate, kamwe usionje mchuzi peke yake. Peke yake utaona umepooza na utaikimbilia chumvi. Ukiwa na mkate, utaona umekamilika.

Wa pili ni supu ya nyanya, kwa siku ile unapoingia ndani saa mbili usiku na kila mtu ana njaa. Nyanya sita zilizoiva sana, kitunguu kimoja, karoti moja ya kupunguza ukali. Kaanga kidogo, tia vikombe viwili vya maji, chemsha robo saa, ponda kwa mwiko au saga. Gawa kwenye mabakuli, juu ya kila bakuli laza kipande cha mkate wa jibini kilichobanikwa kikavu kwenye kikaango, na ufunike kwa sahani dakika moja. Chini kinakuwa kimenywa supu, juu kingali kinakatika kwa meno. Dakika ikizidi kinageuka uji, kwa hiyo waite watu mezani kwanza, ndipo ulaze mkate.

Na kama umegundua mkate wako jibini yake ni ya kutafuta kwa tochi, kwangulia nyingine kidogo juu yake kabla ya kuupasha. Nyanda zetu za baridi zinatoa jibini nzuri: Njombe huku Tanzania, Limuru kule Kenya, na milima ya Masisi katika Kivu Kaskazini, ambako hutengenezwa zile jibini za duara zinazouzwa Goma, za jamii ya gouda, ambazo huyeyuka kwa utiifu. Kijiko kimoja cha chakula kwa kipande kinatosha.

Chai nayo ni mchuzi

Wanaokula mkate huu kwa kinywaji tu wasijione wamesahaulika. Chai ya maziwa yenye sukari ndiyo iliyonikinaisha miaka yote ile, maana ni mafuta ya maziwa juu ya mafuta ya jibini. Jaribu chai ya rangi yenye tangawizi au mchaichai, sukari kidogo au usitie. Au kahawa chungu, ile ya vikombe vidogo inayonywewa na kashata. Pale uchungu hukutana na utamu wa kashata. Hapa unakutana na chumvi, na ndoa yao ni nzuri vile vile.

Utaniambia kwamba ndugu zetu wa Muscat hula mkate wao wa rakhal uliopakwa jibini na yai, wakaunywea chai ya karak yenye maziwa na sukari, na hawalalamiki. Ni kweli, lakini mkate ule ni mwembamba kama karatasi na huliwa ukiwa wa moto kutoka juu ya chuma. Huu wetu mnene ukikutana na chai ile, unakaa tumboni hadi adhuhuri.

Ukibaki

Mkate wa siku ya tatu usiupe kuku bado. Ukavu wake sasa ni faida, kwa sababu utanyonya kama sifongo. Chukua vipande vinne, vikate vya mraba, vipange kwenye sufuria ndogo au bakuli la bati lililopakwa mafuta. Changanya katikati fungu moja la mchicha uliochemshwa na kukamuliwa sawasawa, maana mchicha wenye maji utaharibu kazi yote. Piga mayai matatu na maziwa kikombe kimoja na nusu, tia pilipili manga, usitie chumvi, mimina juu. Bonyeza mkate uzame, uache dakika 20 unywe. Kisha ufunike, upike kwa moto mdogo kabisa dakika 25 hadi 30 juu ya kile kigoda cha chuma ndani ya sufuria kubwa, au kwenye oveni ya nyuzi 180. Umeiva pale ambapo ukitikisa bakuli, katikati hapachezi. Uache upoe dakika kumi kabla ya kukata, la sivyo utabomoka.

Uliokauka kupita hapo, ukwangue uwe chenga, zibanike kwenye kikaango kikavu na punje ya kitunguu saumu. Zinyunyizie juu ya bilinganya za kuoka, au juu ya mchicha wa nyanya muda mfupi kabla ya kuandaa. Hapo jibini inafanya kazi ya kiungo, na watoto wanaosusia mboga huanza kujongea.

Neno kwa wenye shinikizo la damu, na kwa sisi tunaoishi nao. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai kisichojaa. Kama karatasi ya mkate inataja sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa mbili na nusu upate chumvi yenyewe. Ndiyo maana katika makala haya yote sijakwambia utie chumvi popote. Siku ya mkate wa jibini, kopo la chumvi libaki kabatini.

Mwisho, ile ncha ya mkate, kipande cha pembeni ambacho kila mtu hukiruka akitafuta cha katikati. Kwenye mkate wa jibini ndiyo yenye ganda pande zote na jibini iliyoungua zaidi. Usiigombanie mezani. Ifiche, subiri watu wanyanyuke, kisha rudi nayo jikoni ukapanguse chini ya sufuria ya adesi, pale mchuzi ulipoganda na ukwaju umekolea. Mpishi hula hapo, amesimama, peke yake.